Kutoka Barua ya Sheha Hadi Mtaro Kuzibuliwa: Mwongozo Kamili wa Shughuli za Baraza la Mji

Mtaro uliojaa tope nyuma ya marikiti hauzibuki kwa diwani kupaza sauti ukumbini. Unazibuka pale karatasi tano zinapofuatana kwa zamu yake: barua ya shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), makadirio ya idara, pendekezo la kamati, azimio la baraza, hati ya malipo. Ikikosekana moja, zilizobaki hukaa kwenye jalada mpaka masika yaingie na maji yaingie madukani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa karani wa vikao aliyekabidhiwa kazi bila kuelekezwa, kwa diwani wa mara ya kwanza, na kwa mwananchi wa Wete, Chake Chake au Mkoani, kisiwani Pemba, anayetaka kujua barua yake imekwama wapi. Tunafuata jambo moja tu, mtaro huo wa marikiti, katika robo moja ya mwaka. Mengine ya baraza, kama taka, taa za barabarani, ng'ombe wanaozurura na vizimba vya wauzaji marikitini, hupita njia hiyo hiyo.

Jambo ni la nani?

Mabaraza ya Zanzibar yanafanya kazi chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Masheha wako chini ya sheria nyingine, ya Tawala za Mikoa, Namba 8 ya mwaka huo huo. Tofauti hii inawapoteza wengi. Diwani anachaguliwa na watu wa wadi yake. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Diwani hana mamlaka ya kumwamrisha sheha, na sheha si mtumishi wa baraza. Diwani anayekwenda kwa sheha na hodi yake, akamwamkia mzee na kukaa naye barazani robo saa, hupata barua siku hiyo hiyo. Anayetuma kijana na ujumbe wa "mheshimiwa anataka barua" atasubiri.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisha jambo ni la baraza kweli. Bomba lililopasuka ni la ZAWA, mamlaka ya maji. Nguzo ya umeme iliyolala ni ya ZECO, shirika la umeme. Mgogoro wa mpaka wa kiwanja una njia yake ya ardhi. Barabara kuu ni ya wizara, ingawa taka zilizotupwa pembeni yake huwa zenu. Mtaro wa barabara ndio wenye utata zaidi: uliojengwa pamoja na barabara kuu kwa kawaida humilikiwa na wenye barabara, na wa ndani ya mtaa au wa marikiti huwa wa baraza. Mhandisi wa baraza aseme hivyo kwa maandishi mwanzoni, sentensi mbili zinatosha. Bila hizo, mjumbe mmoja atasimama siku ya kikao na kuuliza "huu mtaro si wa wizara?", na jambo zima litaahirishwa kwa miezi mitatu.

Kalenda: anza na siku ya kikao, urudi nyuma

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kumalizika 30 Juni. Kikao cha kawaida cha robo kinapokea taarifa za robo iliyokwisha, kwa hiyo cha robo ya pili hukaa Januari. Usipange kwa kuanza leo kwenda mbele. Weka tarehe ya kikao, kisha hesabu kinyumenyume.

Tuchukue mfano wa Januari 2027. Tarehe 12 ni Mapinduzi, na ofisi nyingi zinakuwa kwenye sherehe siku kadhaa kabla. Tunaweka kikao Alkhamisi tarehe 14. Wito na makabrasha (nyaraka za kikao) viwe mikononi mwa wajumbe ifikapo tarehe 5. Kamati ya fedha ikae kati ya 28 na 30 Disemba. Kamati inayoshughulikia ujenzi na mazingira ikae 21 au 22 Disemba, maana baada ya hapo kuna Krismasi na siku inayofuata. Vipimo na makadirio yawe tayari 11 Disemba, na kumbuka tarehe 9 ni sikukuu ya Uhuru. Barua ya shehia, basi, iwe masjala, ofisi ya majalada, kabla Novemba haijaisha.

Kwa nini kubanana hivyo? Kwa sababu mvua za masika huanza Machi, na Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuingia wiki ya pili ya Februari. Kuchimba tope kwa sepeto saa saba mchana na mtu amefunga ni kazi ya nusu siku, si siku nzima. Kazi ikiamuliwa 14 Januari, iliyobaki ni wiki tatu tu. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili kalenda ya mwaka jana.

Pemba ina jambo lake jengine: msimu wa karafuu. Ukiwa mzuri, nusu ya wajumbe wako mashambani au wanasimamia uanikaji, na akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao, hupatikana kwa taabu. Panga kikao katikati ya wiki, na utoe wito siku kumi kabla badala ya saba.

Barua ya shehia

Iwe ya ukurasa mmoja, iandikwe kwa Mkurugenzi wa Baraza la Mji. Barua inayomwendea mwenyekiti kwa jina lake huishia mfukoni mwake. Ndani yake kuwe na mambo manne: mahali hasa (kutoka wapi hadi wapi, kwa alama ambazo hata mgeni ataziona, kama mskiti, skuli, kalvati), tatizo limeanza lini, nani anaathirika na kwa kiasi gani, na shehia yenyewe itachangia nini. Hilo la nne husahauliwa, nalo lina uzito mkubwa. Shehia ikiandika kwamba vijana kumi watatoka kupakia tope siku moja, kamati ya fedha hulegea.

Pasiwe na lugha ya kulalamika. "Tumechoka na ahadi" haimsaidii mhandisi kupima. "Maji yaliingia maduka saba tarehe 2 na 3 Mei" inamsaidia.

Masjala igonge muhuri wa tarehe, itoe namba, iingize kwenye rejista, na mletaji apewe nakala yenye muhuri huo huo. Nakala hiyo ndiyo itakayouliza maswali miezi miwili baadaye. Picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wadi ni msaada mzuri wa ushahidi, lakini haina namba ya jalada, na kisicho na namba hakiingii kwenye ajenda.

Kupima: hapa ndipo jambo hufa au huishi

Makadirio mengi hurudishwa na kamati ya fedha kwa sababu yameandikwa "kusafisha mtaro: jumla". Jumla ya nini? Idara ipeleke watu wawili na tepu, fito iliyonyooka na daftari. Asubuhi moja inatosha.

Pima urefu wote wa mtaro. Kila mita 20 simama, chomeka fito mpaka iguse sakafu ya zege, soma kina cha tope, andika. Mtaro wa mita 180 utakupa vipimo kumi, ukihesabu mwanzo na mwisho. Tafuta wastani. Usipime pale palipojaa zaidi tu. Ndiyo kosa linaloongeza makadirio maradufu, na mkaguzi ataliona.

Tuseme upana ni sentimita 60 na wastani wa tope sentimita 25. Hesabu ni 180 × 0.6 × 0.25, yaani mita za ujazo 27. Tope likichimbuliwa linafura. Ongeza robo, utapata kama 34. Lori la kubeba mita za ujazo 6 litakwenda safari 6. Kibarua mmoja hutoa tope bichi kiasi cha mita za ujazo 2 kwa siku, kwa hiyo kuchimba ni siku-kazi 14. Ongeza 6 za kupakia, jumla 20. Watu saba watamaliza kwa siku tatu.

Hesabu mifuniko pia: mizima, iliyopasuka, isiyopo. Mfuniko wa zege wa sentimita 80 kwa 50, unene 10, una uzito wa karibu kilo 96. Haunyanyuliwi na mtu mmoja, na ukilazimishwa kwa jembe unavunjika. Weka mtaimbo na watu wanne kwenye hesabu yako. Kama tisa haipo, iwekwe kwenye makadirio sasa. Mtaro uliosafishwa ukaachwa wazi mbele ya marikiti hujaa maganda ya nazi na mifuko ndani ya mwezi. (Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006. Fito yako itakuonesha marufuku hiyo imefika wapi.)

Angalia mambo mawili ya siri. La kwanza, bomba la choo au karo lililounganishwa mtaroni kinyemela: likiwepo, hii si kazi ya usafi tu, afisa afya lazima ahusike kabla ya kibarua kuingia, na glavu ndefu, viatu vya mpira na dawa ya klorini viingie kwenye gharama. La pili, ukuta au banda lililojengwa juu ya mtaro. Hilo ni jalada jengine. Lianze siku hiyo hiyo, lakini lisichanganywe na hili. Ukichanganya, mtaro utasubiri kesi.

Makadirio yatoke hivi (bei ni za mfano, weka za mji wako): vibarua siku-kazi 20 kwa Sh 20,000 ni Sh 400,000, lori safari 6 kwa Sh 60,000 ni Sh 360,000, mifuniko 9 kwa Sh 35,000 ni Sh 315,000, glavu, viatu, dawa na vifaa vidogo Sh 120,000. Jumla Sh 1,195,000. Dharura asilimia 10, Sh 119,500. Jumla kuu Sh 1,314,500. Chini yake andika kasma (fungu la bajeti) itakayobeba gharama na salio lililomo kwa tarehe hiyo, na mhasibu atie saini kwenye salio. Saini hiyo inafunga mjadala wa nusu saa.

Kamati

Waraka kwa kamati usizidi kurasa mbili: jambo lenyewe, lilivyoanza, vipimo, njia zilizopo, gharama, pendekezo. Toa njia mbili au tatu za kweli. Kwa mtaro huu: kusafisha bila mifuniko, kusafisha na mifuniko, au kungoja bajeti mpya ya Julai. Kisha useme idara inapendekeza ipi na kwa nini. Afisa anayeandika "kamati ijadili na kushauri" amewatupia wajumbe kazi yake.

Mjadala wa kina ufanyike hapa, si kwenye baraza kamili. Kamati ina watu wachache, mhandisi yupo, mnaweza hata kwenda marikiti kwa miguu na kurudi. Kumbukumbu ya kamati imalizike kwa pendekezo linaloweza kunakiliwa neno kwa neno kuwa azimio. Kisha jambo liende kamati ya fedha na swali moja tu: fedha ipo kwenye kasma ile, au inahitaji kuhamishwa? Uhamisho una taratibu zake na hauamuliwi kwa kupitisha kikaratasi mezani.

Ajenda na wito

Mpangilio wa kawaida ni huu: dua na kufungua kikao; kuridhia ajenda; kutangaza maslahi; kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita; yatokanayo na kumbukumbu hizo; taarifa ya mapato na matumizi; taarifa na mapendekezo ya kamati; maswali ya madiwani; kufunga. "Mengineyo" yawe mafupi au yasiwepo. Ndiyo mlango ambao mambo yasiyopimwa hupenyea, yakapitishwa saa nane mchana watu wakitafuta viatu.

Mapendekezo yanayohitaji fedha yakae mapema. Kikao kikianza saa 3 asubuhi, Adhuhuri huingia kama saa sita na nusu, na baada ya swala na chakula viti hubaki wazi. Jambo la kura liishe kabla ya saa sita.

Kila ajenda iwe na kitenzi. "Mtaro wa marikiti" haisemi chochote. "Kupokea na kuamua pendekezo la kamati kuhusu kusafisha mtaro wa marikiti" inamwambia mjumbe anatarajiwa afanye nini.

Wito uende kwa karatasi, na anayepokea atie saini na tarehe kwenye daftari la kukabidhi barua. Simu na ujumbe ni ukumbusho tu. Mjumbe anayetoka visiwani, kama Makoongwe au Kisiwa Panza kwa upande wa Mkoani, au Fundo na Kojani kwa upande wa Wete, apelekewe wa mwanzo, na katibu aangalie maji kabla ya kupanga saa. Kikao cha saa 3 siku ambayo maji yamekupwa asubuhi humfanya alale mjini au achelewe, na yeye huenda ndiye wa kutimiza akidi.

Nakala za makabrasha: idadi ya wajumbe, wakuu wa idara, na tano za ziada. Namba kila ukurasa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho wa kabrasha zima, ili mwenyekiti aseme "ukurasa wa 23" na wote wafungue pamoja.

Siku ya kikao

Karani afike saa moja na nusu. Mashine ya kusemea ijaribiwe, jenereta iwashwe hata kama umeme upo, na daftari la mahudhurio liwe na safu ya saa ya kuingia na ya kutoka.

Akidi imetajwa kwenye kanuni zenu za kudumu. Uchapishe ukurasa huo na uuweke mezani kwa mwenyekiti. Kama kanuni inataka nusu ya wajumbe na ninyi ni 19, nusu ni tisa na nusu, kwa hiyo akidi ni 10. Hesabu wajumbe tu, wakuu wa idara hawamo. Hesabu tena kila kabla ya kura. Azimio lililopita wakati wajumbe wanane wamebaki ndani linaweza kubatilishwa hata kama wote wanane walilikubali, na mpinzani wa jambo lile atakumbuka kwamba wawili walikuwa nje wanazungumza na simu.

Mjumbe mwenye duka linalopakana na mtaro, au mwenye ndugu anayeomba kazi ya lori, atangaze maslahi na akae kimya wakati wa kupiga kura. Liandikwe. Katika mji mdogo kila mtu ni shemeji wa mtu, kwa hiyo kutangaza maslahi hakumtii mtu aibu. Kinachotia aibu ni kugundulika baadaye.

Hoja hutolewa na mjumbe mmoja, inaungwa mkono na mwengine, ndipo hujadiliwa. Ukija mrekebisho ("mifuniko iwe kumi na mbili"), upigiwe kura kwanza, kisha hoja kama ilivyobaki. Mkiigeuza zamu hiyo mtajikuta mmepitisha hoja na mrekebisho unaoning'inia, na hakuna anayejua mifuniko ni tisa au kumi na mbili. Mrekebisho wenye gharama urudi kwa mhasibu palepale: mifuniko mitatu zaidi ni Sh 105,000, nazo zimo ndani ya dharura au hazimo? Zimo, lakini zitabaki Sh 14,500 tu za dharura. Wajumbe wasikie hivyo kabla ya kunyanyua mikono.

Mwenyekiti asisahau kulisoma azimio kwa sauti kabla ya kura. Karani ndiye amwandikie. Haya ndiyo maazimio yanayokufa:

"Baraza liliazimia suala la mtaro lishughulikiwe haraka iwezekanavyo."

Nani alishughulikie? Kwa fedha gani? Haraka ni lini? Linganisha:

"Azimio Na. 7. Baraza limeidhinisha kusafisha mtaro wa marikiti, mita 180 kuanzia lango la samaki hadi kalvati, na kuweka mifuniko 9, kwa gharama isiyozidi Sh 1,314,500 kutoka kasma ya usafi wa mji. Mhandisi wa Baraza asimamie. Kazi ikamilike kabla ya 5 Februari 2027, na taarifa ya maandishi iwasilishwe kwenye kikao kijacho cha kamati ya ujenzi."

Kipimo cha azimio ni rahisi: mpe mtu ambaye hakuwepo ukumbini. Akihitaji kukuuliza swali, liandike upya.

Taarifa ya mapato, kwa ufupi wake

Mara nyingi hapa ndipo kikao kinapopoteza saa nzima kwa hasira isiyo na faida. Mambo mawili yatawaokoa. Kwanza, makusanyo hayaji sawa kila robo. Leseni za biashara huja kwa mkupuo wakati wa kuhuishwa, na marikiti huchangamka wakati wa karafuu na siku za kuelekea Sikukuu. Asilimia 18 ya lengo la mwaka kwenye robo moja huenda ikawa sawa kabisa. Linganisha na robo hiyo hiyo mwaka uliopita, usilinganishe na asilimia 25.

Pili, fanyeni hesabu ya vizimba wenyewe. Tuseme vizimba 64, ushuru Sh 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: 64 × 500 × 26 ni Sh 832,000. Taarifa ikionesha Sh 610,000, swali liwe mahsusi: vizimba vingapi vilikuwa vitupu, kwa siku ngapi? Malipo yanayopita ZanMalipo, mfumo wa malipo wa serikali, kwa namba ya malipo huacha alama. Fedha taslimu haiachi. Pale mkusanyaji anapopokea mkononi, taslimu ya leo iingie benki siku inayofuata ya kazi, na hati ya benki ifungwe pamoja na orodha ya vizimba vya siku hiyo.

Kumbukumbu

Ziandike ndani ya siku mbili, wakati sauti bado ziko masikioni. Sehemu zake: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kufunga; waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiotoa udhuru (orodha tatu tofauti); kila ajenda na namba yake; hoja kuu kwa mistari michache; azimio kwa herufi nzito na matokeo ya kura. Usiandike nani alimjibu nani. Usiandike "ilisemwa" bila kusema na nani, kama maneno hayo ni ya afisa aliyetoa ahadi.

Katika kikao kinachofuata, kuthibitisha kumbukumbu ni kuuliza swali moja: yameandikwa kama yalivyokuwa? Mjumbe aliyeshindwa kura Januari hana ruhusa ya kuufufua mjadala Aprili kwa jina la masahihisho. Sahihisho liandikwe pembeni kwa kalamu, lisainiwe na mwenyekiti na katibu, na saini zao ziwe kwenye kila ukurasa.

Mbali na kumbukumbu, fungua daftari la maazimio. Safu sita: namba, azimio, mhusika, tarehe ya mwisho, hali ilivyo, na ukurasa wa jalada. Hilo ndilo lisomwe kwenye "yatokanayo", mstari kwa mstari. Bila daftari hilo, yatokanayo hugeuka kuwa kila mtu kukumbushia cha kwake.

Utekelezaji

Dondoo la azimio lifike kwa mhandisi na mhasibu ndani ya siku tatu, kwa barua, wala wasisubiri kumbukumbu kuthibitishwa. Ununuzi ufuate taratibu: nukuu za bei kutoka kwa watu watatu wanaofanya kazi hiyo kweli, hati ya kuagizia kabla ya kazi kuanza, na hati ya malipo baada ya mhandisi kukagua. Kazi iliyoanza kabla ya hati ni hoja ya ukaguzi, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Mifuniko itangulie, maana zege linataka muda. Uwiano wa 1:2:4. Mfuko wa kilo 50 hutoa mifuniko mitatu hadi minne ya ukubwa tulioutaja, kwa hiyo tisa inataka mifuko mitatu. Nondo za milimita 10 zikae upande wa chini, sentimita 2.5 kutoka sakafu ya fremu, kwani mzigo unapokandamiza juu, upande wa chini ndio unaovutika. Andika JUU kwa ncha ya msumari kabla zege halijakauka. Mfuniko uliogeuzwa hupasuka gari ya ng'ombe ya kwanza ikipita, kisha saruji hulaumiwa bure. Funika kwa magunia mabichi na umwagie maji siku saba.

Kuchimba kuanze mwisho wa mtaro, kwenye mdomo, na kupanda juu, ili maji yapate pa kwenda. Ukianza juu, vibarua watafanya kazi ndani ya bwawa. Mdomo ukitokea kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, kwepa siku za bamvua, bahari inapojaa sana: maji yakijaa hurudi ndani ya mtaro. Chagua maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana.

Tope likitolewa liwekwe juu ya turubai, mita moja kutoka ukingoni, lichuruzike usiku mmoja na kuondoka kesho yake. Likikaa siku tatu, mvua moja ya ghafla itakurudishia nusu ya kazi uliyolipia. Likipakiwa bichi kabisa, litamwagika barabarani na dereva ataongeza safari. Msimamizi aandike kila safari ya lori: saa, namba ya gari, mahali lilipomwagwa. Safari sita zilizokadiriwa zikawa kumi kwenye ankara, orodha hiyo ndiyo itakayojibu.

Adhabu kwa wanaotupa taka mtaroni inahitaji sheria ndogo iliyokamilika. Kupitishwa na madiwani hakutoshi. Inahitaji ridhaa ya Waziri anayehusika na kutangazwa katika Gazeti Rasmi ndipo mtu atozwe. Mgambo anayetoza faini kwa azimio la kikao anakusanya fedha isiyo na msingi.

Mhandisi afunge jalada kwa vipimo vile vile kumi vya fito, picha za mahali pale pale, na arudi kupima baada ya mvua kubwa ya kwanza ya Machi. Tope likionekana limejikusanya tena mahali pamoja, kwa mfano chini ya meza za samaki, tatizo liko juu ya mtaro: maji ya kuoshea samaki hayana wavu wa kuchuja. Wavu wa chuma wa sentimita 60 kwa 40 unatosha. Barua yake ianze sasa, iwahi kikao cha Aprili.